Tarumbeta Lililotumika Kidogo

Tangazo alilibandika mwenyewe, kwa maneno yake mwenyewe, kwenye kundi la simu la wazazi na majirani: "Nauza tarumbeta. Ni la mpigaji wa kiwango cha kati, siyo la mtoto anayeanza wala la bingwa. Limetumika kidogo. Halina tatizo. Mwenye maneno mengi asinipigie."

Naye hakuwa mtu wa maneno mengi, isipokuwa akikasirika, na siku hizo alikuwa anaamka amekasirika. Hospitalini, ambako alikuwa mkuu wa chumba cha kutakasa vifaa, walimwita Mama Mvuke na yeye akajifanya hajui. Kila mkasi na kila koleo lililokwenda kwenye upasuaji lilipita kwanza mikononi mwake, likaoshwa, likafungwa, likaingia kwenye mtambo wa mvuke. Likirudi bila mwenzake, wodi nzima ilisikia. Alikuwa na stashahada ya kazi hiyo, ameitundika sebuleni juu ya televisheni, ili mtu akichoka kuangalia upuuzi ainue macho aone kitu cha maana.

Jumamosi hiyo asubuhi alipiga magoti, akalivuta kasha la tarumbeta kutoka chini ya kitanda cha binti yake, kitindamimba. Lilitoka na vumbi, soksi moja, na kitana kilichokuwa kimetafutwa nyumba nzima.

"Ona," alisema kwa sauti ya kufika jikoni. "Ona jasho langu lilivyolala. Limelala linakoroma."

Jikoni binti huyo alikuwa anaosha vyombo. Alifungua bomba zaidi.

"Nasema na wewe!"

"Nimesikia, mama."

"Umesikia nini?"

"Jasho linakoroma."

Baba mtu, fundi wa majokofu, mpole kama maji ya mtungini, alikuwa ameketi sebuleni na feni iliyofunguliwa mbele yake, skrubu zimetandazwa kwenye gazeti. Alicheka puani. Mkewe alimtupia jicho, kicheko kikakatika kama umeme.

Tarumbeta hilo lilinunuliwa kwa zamu za ziada. Mwalimu wa bendi ya shule ndiye aliyemwita Mama Mvuke shuleni, akamkalisha na kumwambia: mwanao ameshavuka ya kuanza, matarumbeta yetu ya shule yamechoka, mnunulie lake, na uchukue aina hii hii tunayotumia asipate taabu ya kuzoea. Akanunua. Muhula mmoja mzima binti alipuliza mpaka majirani wakaja kulalamika, na Mama Mvuke akawapa vidonge vyao mlangoni pale pale, wakarudi makwao wamekunja mikia. Binti akawekwa safu ya mbele.

Baada ya likizo mambo yakaporomoka. Sauti za juu zikamkataa. Mwalimu akamsogeza safu ya nyuma, kisha akampa pembetatu ya chuma ya kugonga, kisha siku moja mbele ya bendi nzima akamwambia kwamba midomo yake si ya tarumbeta. Si kosa lako, alisema, ni maumbile. Binti akarudi nyumbani, akalisukuma kasha chini ya kitanda, na hakulitaja tena.

Na Mama Mvuke aliamini. Mtu aliyesomea kazi yake humwamini mwingine aliyesomea yake. Mwalimu akisema midomo haifai, haifai. Kilichomchoma ni kwamba mtoto hakupigana hata kidogo. Hakulia, hakubisha, alikunja tu mabega na kuosha vyombo. Tangu hapo hasira ya mama ilikuwa inazunguka nyumbani kama mgeni asiyepewa kiti.

"Mnunuzi anakuja sasa hivi," alisema akilifuta kasha kwa kitambaa. "Likitoka mlangoni, neno tarumbeta lisitamkwe tena humu ndani."

Binti alitokea mlangoni mwa jikoni, mikono inadondosha povu. "Mama, naomba libaki."

"Libaki lifanye nini? Tulilishe?"

"Sipigi. Lakini libaki."

"Mtu hapigi, lakini libaki! Kwani hii ni nyumba ya makumbusho? Midomo si ilishashindwa?"

Uso wa binti ulifungwa kama duka. Alirudi kwenye sinki.

"Bibie," baba alisema taratibu, bisibisi mkononi, "hilo la midomo si lazima kila siku."

"Wewe tengeneza feni."

Alifungua kasha. Tarumbeta lilikuwa na mikwaruzo, rangi yake ya dhahabu imebanduka mahali pengi, na moyo ulimlipuka upya: ndivyo mtoto anavyotunza kitu kipya! Alikwisha kumwandalia maneno. Alichukua kipulizio peke yake, kile kikombe kidogo cha kuwekea midomo, akakitia kwenye sufuria ya maji ya moto. Kwake hakuna kinachoingia kinywani mwa mtu bila kuchemshwa.

Kilikuwa bado kinachemka hodi ilipopigwa, kwa sauti isiyojua kwamba kuna kuta.

"Hodi humu! Ndiko linakouzwa tarumbeta?"

"Karibu. Vua viatu."

"Hata salamu hamna?"

"Salamu utaikuta ndani."

Mgeni aliingia akicheka. Alikuwa mwanamke mpana, kofia ya bendi kichwani, miwani ya jua usoni japo sebule ilikuwa na giza. Alikuwa kiongozi wa bendi ya matarumbeta inayopiga kwenye harusi na mahafali, na mji mzima ulimwita Kapteni. Alikaa kwenye kochi, kochi likalia.

"Nina kijana wangu ameiva," alieleza, "lakini bado anapuliza lile la kujifunzia, anasikika kama mbu kwenye chupa. Nilipoliona tangazo lako nikasema, huyu mama anajua anachouza. Kiwango cha kati, limetumika kidogo, kwisha habari. Hebu nimwone bwana harusi mwenyewe."

Mama Mvuke alimpa, pamoja na kipulizio kilichokaushwa. Kapteni alivua miwani. Alibonyeza pistoni tatu moja baada ya nyingine, na tabasamu likaanza kumtoka usoni taratibu. Akalipindua. Akalisogeza dirishani. Kisha akaliweka mdomoni, akapuliza.

Sauti ilitoka, lakini ilitoka na mwenzake: mluzi wa chini chini, kama pampu ya baiskeli yenye tundu.

"Dada," Kapteni alisema, "uliandika limetumika kidogo."

"Kidogo. Muhula mmoja na siku chache."

"Na nani? Na jeshi?"

Baba aliacha kugusa skrubu.

"Usinichezee," Mama Mvuke alisema.

"Nikuchezee kwani tumezoeana? Tazama hapa. Vidole vimekula rangi mpaka shaba inachungulia. Mtoto hali rangi hivi kwa muhula mmoja, labda awe na kucha za paka. Pistoni zimelegea, pumzi inatorokea pembeni. Na hapa pa kutolea mate," alibonyeza kikono kidogo chini ya mrija, "kizibo chake kiko wapi? Hiki ni kipande cha kandambili, dada. Mtu amekata kandambili ya bluu akabandika. Hili si la kiwango cha kati, hili limestaafu. Ningekuwa sijui, ungeniuzia mbuzi kwenye gunia."

"Unaniita mwongo? Ndani ya nyumba yangu, juu ya kochi langu?"

"Sijakuita chochote. Nimesoma tangazo, nimetazama tarumbeta. Hao wawili hawaelewani."

Damu ilimpanda Mama Mvuke hadi kwenye masikio. Angeweza kuitwa mkali, mbishi, mwenye gubu, na mengine aliyojua wanayomwita huko kazini. Mwongo, hapana. Alilinyakua tarumbeta kutoka mikononi mwa mgeni, akalipindua kwa kishindo kutafuta ushahidi wake.

Kazini, kila seti ya vifaa ina alama ya rangi, ili mkasi wa wodi usiende kulala na mikasi ya upasuaji. Tabia hiyo aliibeba mpaka nyumbani. Alikuwa na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha ambacho hakijawahi kugusa ukucha wowote. Kazi yake ilikuwa kuweka nukta moja nyuma ya kila kitu cha nyumba. Sufuria zilikuwa na nukta, ndoo, mwavuli, rimoti, nyundo. Mumewe alizoea kuwaambia wageni kwamba kila asubuhi hujikagua kisigino, asije akawa amewekewa na yeye. Siku tarumbeta lilipoingia nyumbani, kabla binti hajalipuliza, lilipata nukta yake nyuma ya pistoni ya kati, mahali ambapo mkono haufiki.

Hapo nyuma ya pistoni ya kati hapakuwa na kitu.

Alipasugua kwa kidole gumba. Alipasogeza karibu na macho, kisha karibu na pua, kana kwamba rangi ingeacha harufu.

"Inawezekana imetoka," mumewe alisema.

"Rangi yangu haitoki. Ile ndoo inasuguliwa kila siku tangu huyu mtoto hajazaliwa, na nukta inayo." Kisha sauti yake ikashuka, na wote waliomjua walijua kwamba hiyo ndiyo ya kuogopa. "Hili siyo letu."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, taulo la vyombo mkononi.

"Njoo hapa. Hili tarumbeta liliwahi kutoka mikononi mwako?"

"Wakati wa likizo. Mwalimu alisema vyombo vyote viachwe shuleni, viende kwa fundi. Vya shule na vyetu sisi wenye vyetu."

"Vikarudi?"

"Shule ilipofunguliwa tulikuta kila mtu na kasha lake."

"Na lilirudi hivi?"

"Lilirudi linavuta tofauti. Linakataa juu. Lina mikwaruzo. Nikamwambia mwalimu, akasema fundi ndivyo alivyolisafisha, nitazoea. Sikuzoea. Ndipo akasema ni midomo."

"Na mimi, mama yako, ukashindwa kuniambia?"

Binti alimtazama kwa muda. Hakuwa na hasira usoni wakati huo, alikuwa na mshangao tu.

"Nilikwambia, mama. Ulikuwa unapiga pasi. Ukasema mtu asiyetaka kufanya mazoezi hakosi kisingizio."

Mama Mvuke alikumbuka. Alikumbuka hata nguo aliyokuwa anaipiga pasi, ilikuwa koti lake jeupe la kazini na alikuwa amefika kwenye kola. Mtoto alisimama hapo hapo mlangoni, na yeye hakuinua macho.

Alilirudisha tarumbeta kwenye kasha, akabana vifungo, kimoja, cha pili.

"Vaa viatu."

"Tunakwenda wapi?"

"Jumamosi bendi si wanafanya mazoezi?"

"Bibie," baba alisimama, skrubu zikamwagika, "kunywa maji kwanza. Ngoja nivae shati twende wote."

"Baki. Wewe utamsalimia, utamuuliza habari za nyumbani, utamuuliza jokofu lao linaendeleaje, na hasira yangu yote itaharibika."

Kapteni naye alikuwa anavaa viatu.

"Wewe yanakuhusu nini?"

"Nimekuja kununua tarumbeta. Kama lenyewe liko huko, basi na soko liko huko."

Shule haikuwa mbali. Mama Mvuke alitembea mbele na kasha, hatua za mtu anayewahi mgonjwa, binti nyuma yake, na Kapteni mwisho akihema na kusema "taratibu jamani" bila kusikilizwa. Walisikia bendi kabla ya kuiona: wimbo wa gwaride ukianza, ukijikwaa, ukianza tena.

Chumba cha bendi kilikuwa stoo ya zamani ya madawati. Kilinuka mafuta ya pistoni, vumbi la chaki na viatu vya mpira. Wanafunzi walikaa safu safu kwenye viti vya plastiki, na mbele yao alisimama mwalimu, mtu mwembamba aliyenyooshwa vizuri, kalamu mbili mfukoni, fimbo nyembamba ya kuongozea mkononi. Aliposikia mlango aliinua fimbo, muziki ukafa vipande vipande, ngoma ikiwa ya mwisho.

"Karibu mzazi. Tuko katikati ya mazoezi. Masuala ya wazazi huwa tunayapokea Jumatatu, ofisini."

"Sikuja ofisini. Nimekuja hapa hapa." Aliwageukia wanafunzi. "Hamjambo watoto."

"Hatujambo, shikamoo!"

"Marahaba. Wenye matarumbeta, pindueni niyaone nyuma."

Walimtazama mwalimu.

"Pindueni, mimi siumi."

"Mzazi, kuna utaratibu..."

"Nitaufuata nikimaliza."

Alipita safu ya nyuma. Kapteni alijiegemeza kwenye mlango, kofia yake imeziba mwanga, na ikawa kwamba hakuna wa kutoka. Nyuma hapakuwa na kitu. Katikati hapakuwa na kitu. Safu ya mbele alikaa msichana mrefu, mpigaji kiongozi, mgongo umenyooka kama rula, na tarumbeta mapajani mwake liling'aa kuliko yote. Alilipindua mwenyewe kabla ya kufikiwa.

Nukta ilikuwa hapo. Nyekundu, ya duara, haijachubuka popote.

Mama Mvuke alimgeukia mwalimu. "Hili ni la nani?"

"Ni... kwa sasa linatumika na..."

"Sikuuliza linatumika na nani."

Mwalimu aliweka fimbo chini. Alikuwa na sauti nzuri, ya kuelewesha watu, na aliitoa yote. "Mzazi, naomba unielewe. Bendi ni mwili mmoja. Tulikuwa tunakwenda kwenye mashindano. Chombo kizuri hukaa kwa mpigaji mwenye nafasi ya kutusogeza mbele, ndivyo bendi zinavyofanya kazi, popote utakapokwenda. Tarumbeta halijatoka nje ya shule. Hatuwezi kuita huu wizi."

"Kapteni," Mama Mvuke alisema bila kugeuka, "ndivyo bendi zinavyofanya kazi?"

"Kuazimana tunaazimana," Kapteni alijibu kutoka mlangoni. "Usiku wa harusi mtu anaweza kupiga na tarumbeta la mwenzake na kipulizio cha shemeji yake. Lakini tunaombana. Na aliyebaki na bovu anaambiwa, leo umebeba bovu, usijilaumu. Hiyo ndiyo bendi. Hii yenu sijui inaitwaje."

Mtu fulani kwenye ngoma alicheka, akanyamazishwa.

"Ungeniomba," Mama Mvuke alimwambia mwalimu. "Ungeniomba, ningekukatalia, ungenuna, na yangekwisha. Hilo ndilo ulilolikimbia. Umenifanya nifanye kazi za ziada ninunue tarumbeta la bendi yako, halafu umemrudishia mwanangu takataka yenye kandambili ndani ya kasha lake. Haya, hilo ningelimeza. Ningekutukana leo, Jumatatu ningekuwa nimesahau."

Mwalimu alifungua mdomo.

"Sijamaliza. Mtoto alikuja akakwambia chombo kina kasoro. Ulikuwa unajua kina kasoro. Ukamtazama machoni, ukamwambia kasoro iko usoni mwake. Maumbile! Kwani wewe ndiye uliyemuumba?"

"Nilisema midomo haijakomaa."

"Ulisema maumbile," binti alisema.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa. Hakupaza sauti, lakini kila mtu aligeuka.

"Ulisema maumbile, mwalimu. Ukasema nisipoteze muda wa mama yangu."

"Alisema," sauti nyingine ilitokea huko kwenye ngoma. "Na mimi nilisikia."

Mwalimu alikuwa ameanza kutoa jasho juu ya mdomo. "Tunaweza kuzungumza pembeni, watu wazima."

"Yeye ulimwambia pembeni?" Mama Mvuke alivuta kiti cha plastiki, akakaa, akaweka mkoba mapajani kama mtu anayesubiri dawa dirishani. "Mwambie ulichokuwa unakijua. Mimi leo sina zamu."

Mwalimu aliitazama sakafu. "Chombo kilikuwa na hitilafu kidogo."

"Sauti."

"Kilikuwa kibovu." Ilimtoka kama jino linalong'olewa. "Kilikuwa kibovu, na midomo yako haina tatizo."

Msichana mrefu wa safu ya mbele alikuwa amekwisha kuchomoa kipulizio. Alikifuta kwa sketi, akakichomeka tena, akasimama na kulinyoosha tarumbeta kwa mikono miwili.

"Mimi niliambiwa shule imenunua," alisema. Macho yalikuwa yamemjaa. "Samahani. Ni zuri sana."

"Najua," binti alijibu, na akalipokea.

Mama Mvuke alilitoa lile la kandambili kutoka kwenye kasha, akaliweka juu ya meza ya mwalimu, juu ya karatasi zake za nota. "Hili ni lenu. Na Jumatatu nitakuwa kwa mwalimu mkuu. Ukitaka kuwahi kueleza, wahi. Mimi nitakuja na nukta yangu."

Nje, kwenye baraza ndefu ya madarasa, alipumua kwa mara ya kwanza. Alijisikia vizuri, vizuri kama mtu aliyebeba gunia na kulitua.

"Haya," alisema. "Limepatikana."

Binti alisimama.

"Wewe unafurahi."

"Nifurahi vipi? Nimekasirika, hunioni?"

"Umemkasirikia yeye." Sauti ya binti ilianza kupanda, na mama alishtuka kusikia kwamba ni sauti yake mwenyewe, imechongwa kidogo. "Na mimi nimkasirikie nani? Yeye alisema siku moja. Wewe ulisema kila siku! Nikichelewa kuamka, midomo. Nikivunja kikombe, midomo. Ulimwambia shangazi kwenye simu, huyu wangu kanunuliwa tarumbeta halafu kaonekana hana midomo, mkacheka. Nilikuwa nyuma ya mlango. Mlicheka mpaka ukakohoa!"

Kapteni aligundua tangazo la zamani la kufungwa kwa maji, limebandikwa ukutani, akaanza kulisoma kwa makini sana.

Mama Mvuke alitafuta majibu. Alikuwa nayo mengi: uchovu, zamu, bei ya kila kitu, jinsi mtoto alivyokuwa mkimya. Yote yalikuwa ya kweli, na alipoyapanga mbele yake aliona hakuna hata moja linalofaa.

"Nilikosea," alisema. Ilitoka fupi, kama kikohozi. "Ulinieleza, mimi nikaamini mtu mwingine."

"Ndiyo."

"Na lile la shangazi... nalo pia. Sijui niongeze nini."

"Usiongeze."

Walisimama hivyo, wote wawili wamekunja uso kwa namna moja. Kapteni alimaliza lile tangazo la maji, akakohoa.

"Samahanini jamani. Mimi bado ni mteja. Hilo sasa ndilo lililoandikwa kwenye tangazo. Kiwango cha kati, limetumika kidogo. Nalitaka."

Mama Mvuke alifungua kinywa kujibu, akakifunga. Alikuwa amezoea kujibia kila mtu. "Muulize mwenyewe," alisema hatimaye, na ilimgharimu. "Mwenye mali huyo hapo."

Binti alimtazama mama yake, akamtazama Kapteni. "Akitaka kununua anasikiliza kwanza, sivyo?"

"Ndivyo."

Aliliinua. Sauti ya kwanza ilipasuka. Midomo ilikuwa imelala muda mrefu. Ya pili iliyumba. Ya tatu ilishika. Haikuwa tamu hata kidogo. Ilikuwa kali, ndefu, imenyooka kama wembe, ikapanda pale ambapo kwa miezi ilikuwa inakatazwa kupanda, ikagonga ukuta wa madarasa na kurudi. Ndani ya chumba cha bendi, gwaride lililokuwa limeanza kujikongoja lilisimama.

Aliposhusha tarumbeta alikuwa anahema. Kisha alitaja bei.

Kapteni alivua kofia. Aliitazama ndani, kana kwamba pesa hizo huenda zilikuwa humo. "Mwanangu, kwa pesa hiyo nanunua bendi nzima na mwalimu wake juu!"

"Mwalimu simuuzi, si wangu."

Kapteni alicheka mpaka akashika nguzo. "Hiyo si bei, hiyo ni komeo. Umefunga mlango. Haya, nimeelewa." Alivaa kofia, akamgeukia Mama Mvuke. "Dada, tangazo lako la kwanza lilinidanganya na hili la pili, la binti yako, limenitukana. Sijawahi kuja kununua kitu nikaondoka na faida namna hii." Na kwa binti: "Ukichoka kukaa na hao, tunafanya mazoezi Jumapili mchana, nyuma ya kiwanda cha magodoro. Kwetu ukipewa bovu utaambiwa."

"Kwanza amalize kazi za shule," Mama Mvuke alisema.

"Mama!"

"Nimesema kwanza. Sikusema asiende."

Walirudi nyumbani. Binti alibeba kasha mwenyewe, na mama alipotaka kulipokea alilihamishia mkono wa pili. Hakusamehewa, na alilijua hilo. Nyumbani binti aliingia chumbani, akafunga mlango, na kupitia mlango huo zikaanza kutoka sauti ndefu, moja moja, zinazopanda ngazi, zikianguka, zikirudi chini na kuanza upya. Baba aliuliza kwa nyusi. Mkewe alimjibu kwa mkono: nitakueleza. Feni ilikuwa inazunguka.

Alitandika blanketi mezani, akachomeka pasi, akatandaza koti lake la kazini. Alikuwa bado na hasira, lakini sasa alijua sehemu yake kubwa inamhusu nani, na huyo hakuweza kumpigia kelele: alikuwa yeye mwenyewe. Jirani wa juu aligonga sakafu yake mara mbili. Mama Mvuke alichukua ufagio, akagonga dari kwa nguvu, jirani akaacha.

Simu iliita. Ilikuwa namba asiyoijua, sauti ya mwanamume mwenye haraka.

"Habari. Naulizia lile tarumbeta. Bado lipo?"

"Lipo."

"Na kweli limetumika kidogo?"

Nyuma ya mlango binti alijaribu tena ile ya juu. Ilikwama, ikakwaruza, ikapita.

"Kidogo mno," Mama Mvuke alisema, akageuza kola upande wa pili. "Ndiyo maana haliuzwi."